Kuagwa kwa Ruth Nyakerario

Kila jioni, jua likishazama, Esnah alizimiwa taa katika nyumba yake mwenyewe. Stima ilikuwepo. Aliyezima alikuwa mumewe, Obwocha, ambaye alipita chumba baada ya chumba akibonyeza swichi na kung'oa chaja za simu ukutani kama mtu anayeng'oa kupe kwenye ngozi ya ng'ombe. Halafu alifungua mlango akamwita jirani yao kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya ua. "Nyamongo! Hiyo solar yako!" Nyamongo naye, kutegemea alivyoamka siku hiyo, alizima au alijifanya hasikii.

Ndipo Obwocha alipoketi mbele ya redio yake.

Ilikuwa redio kubwa ya betri, ya zamani, na mgongoni mwake mlitoka waya mrefu uliopenya dirishani ukapanda hadi juu ya mti wa avokado nyuma ya jiko. Watu wengine wa Ekerenyo walisikiliza FM, ambako mtangazaji anaongea Ekegusii na muziki unasikika kana kwamba bendi imekaa sebuleni. Obwocha hakutaka. Alitaka AM, tena stesheni za mbali, zile ambazo mchana hazipo kabisa, kisha giza likianza kuingia zinakuja moja moja, zikipanda na kushuka kama sauti ya mtu anayeongea huku upepo ukimpiga mdomoni. Rwanda ilikuja, Sudan ilikuja, Ethiopia ilikuja, na kupita zote alipenda Tanzania. Taa za siku hizi na chaja za bei rahisi zilitia mvumo juu ya sauti hizo, mvumo kama wa nyuki. Kwa hiyo Esnah alisonga ugali kwa mwanga wa koroboi, katika miaka hii ambayo hata watoto wa chekechea wanatazama video kwenye simu.

"Baba Maureen, nimejikata."

"Shh."

"Nimesema nimejikata kidole."

"Ngoja habari ziishe, Mama Maureen. Imeshika vizuri leo."

Alichokuwa akisikiliza hakikuwa na faida yoyote kwa mtu wa Nyamira. Ilikuwa bei ya pamba, au mvua ya Shinyanga, au mkuu wa wilaya fulani amezindua kisima. Esnah alichuna majani chai tangu asubuhi, mgongo ukamuuma, akarudi kuambiwa anyamaze kwa sababu ya kisima cha watu wengine.

Lakini alijua sababu, na hiyo ndiyo iliyomzuia kuukata waya ule kwa panga. Dada mkubwa wa Obwocha, Ruth Nyakerario, yule aliyembeba mgongoni utotoni, mama yao alipokuwa shambani, aliolewa na Mkuria mmoja aitwaye Marwa aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba huko Bunda, Tanzania. Huko Ruth akawa nesi wa zahanati, akazaa, akazeeka. Walikuwa wakiongea kwa simu. Halafu ikaja korona, mpaka ukafungwa, na katika kipindi hichohicho simu ya Obwocha ikadumbukia chooni na namba zote zilizokuwa ndani yake. Aliponunua nyingine, na laini mpya, hakuwa na mahali pa kuanzia. Maureen, binti yao anayefanya kazi kwenye duka la dawa mjini Kisii, alimtafuta shangazi yake mtandaoni hadi akachoka. Tangu hapo Obwocha alisikiliza Tanzania kama mtu anayesimama nje ya nyumba ya nduguye akitega sikio dirishani.

Basi Jumanne moja Esnah alikuwa nje akianua nguo aliposikia ukelele. Alikimbia ndani akamkuta mumewe amesimama, mikono kichwani, redio ikikoroma.

"Dada amekufa," Obwocha alisema. "Ruth amekufa. Wamemtangaza."

Esnah aliweka nguo chini. Alimshika mkono akamketisha. Alipoona anaweza kuongea, alimwuliza wamesema nini hasa.

Obwocha alirudia maneno aliyoyasikia, moja baada ya jingine, kwa sauti ya mtangazaji. Marehemu. Kisha mkoromo. Kisha ndugu, jamaa na marafiki popote walipo, hususan ndugu Obwocha wa Ekerenyo, Kisii, nchini Kenya. Kisha mkoromo tena. Kisha kuagwa kwa mama yetu mpendwa, Ruth Nyakerario. Nyumbani kwake Bunda, Jumapili. Baada ya hapo stesheni ya Kiarabu iliipanda ile ya Tanzania kichwani na hapakusikika kitu kingine.

"Wamenitaja jina," alisema, na hapo ndipo machozi yalipoanza. "Wamenitaja mpaka Ekerenyo."

Esnah alilia pia. Alimpenda Ruth. Lakini hata alipokuwa akilia, kuna kitu kilimkwaruza, na kwa kuwa hakujua ni nini, alinyamaza. Baadaye alijuta kunyamaza, kwa sababu asubuhi yake mambo yalikuwa yameshamtoka mikononi.

Haron, mdogo wake Obwocha, alifika kabla ya chai kuiva, akilia tangu barabarani. Alikuwa mtu mkubwa mwenye pikapu na sauti inayolingana na pikapu. Nyuma yake wakaja wanawake wa kanisa, na nyuma ya wanawake akaja Osoro, mzee wa kanisa, na Biblia kwapani. Hema likasimamishwa uani. Viti vikaletwa. Esnah, ambaye majani yake ya chai yalikuwa yanakomaa shambani bila mchunaji, alijikuta amesimama juu ya sufuria kubwa ya chai akiwapa pole watu waliokuja kumpa pole.

Jioni ya siku hiyo ya pili alimvuta mumewe nyuma ya jiko.

"Baba Maureen, tuna hakika?"

"Hakika ya nini?"

"Kwamba amekufa."

Obwocha alimtazama kana kwamba ametukanwa. "Nimesikia kwa masikio yangu."

"Umesikia nusu. Maneno yalikuja yamekatika, wewe mwenyewe umesema. Hujasikia amefariki. Umesikia kuagwa."

"Na kuagwa ni nini? Mtu akiaga si amekufa? Nani hajui hilo? Wanaaga mwili Jumapili, wanazika. Unataka nisikie mara ngapi?"

"Huko ni Tanzania. Pengine wao wanasema kwa namna nyingine."

"Kiswahili ni kimoja, Mama Maureen. Kiko kwa vitabu."

Esnah alihisi kichwa kinamgonga. Yeye alizaliwa Nyamarambe, upande wa pili kabisa wa Gusii, na alipoolewa Ekerenyo alidhani anakwenda kwa watu wanaoongea kama yeye. Siku za kwanza alimwomba mama mkwe kitu cha kukorogea uji, akaletewa kitu cha kutwangia, kisha akachekwa na jikoni nzima. Alisema jambo dogo la kawaida la kwao, wajomba wa Obwocha wakainamisha vichwa kwa aibu. Ilimchukua muda mrefu kujifunza kunyamaza kwanza na kuwasikiliza. Ikiwa watu wa lugha moja, wa kaunti mbili zinazopakana, waliweza kupotezana hivyo juu ya mwiko, basi je, Ekerenyo na Bunda?

Alimweleza hayo. Obwocha alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Hiyo ni Ekegusii," akarudi hemani.

Esnah alimpigia Maureen. Maureen alitafuta namba ya stesheni, akaipiga mchana kutwa, na kila mara iliita ikakatika. "Mama, labda tangazo litarudiwa," alisema. "Sikiliza mwenyewe."

Kusikiliza mwenyewe. Alhamisi, jua lilipokuwa likishuka, Esnah aliingia sebuleni na kukuta waombolezaji wamekaa kila mahali, na kila soketi ina chaja, na kila chaja ina simu. Aliwasha redio. Ilivuma kama mzinga. Alizima taa ya kwanza, mama mmoja akalalamika kwamba hamwoni mtoto wake. Alichomoa chaja ya kwanza, kijana mmoja akasema, "Mathe, niko kwa tano pasenti." Alichomoa zote. Alitoka nje akasimama uani.

"Nyamongo! Zima hiyo solar!"

Alipojisikia anavyosikika, alitamani kukaa chini acheke au alie, lakini hakuwa na nafasi ya lolote kati ya hayo mawili.

Tangazo lilikuja. Lilikuja kutoka mbali sana, likipanda na kushuka, na Esnah alikuwa ameweka sikio karibu kabisa na spika wakati Haron, kwa kusikia jina la dada yake, alipoangua kilio kilichotikisa madirisha.

"Haron, tafadhali!"

"Niache nilie, shemeji!"

"Lia polepole!"

Alichopata ni vipande. Shughuli itaanza saa nane mchana. Chakula na vinywaji. Kikundi cha ngoma kutoka mahali fulani. Wote mnakaribishwa. Kisha Mwarabu akarudi na nyimbo zake.

Esnah aligeuka. "Mmesikia? Vinywaji na ngoma. Shughuli."

"Mazishi ni shughuli pia," Osoro alisema kwa upole.

"Na ngoma, mzee?"

Osoro alifikiri. "Kila watu wana mila zao, mama. Sisi hatuwezi kuwahukumu."

"Watanzania wanazika hivyo," Obwocha alisema gizani. Sauti yake ilikuwa imechoka hivi kwamba Esnah alikosa nguvu ya kubishana. Aliwasha taa. Chaja zote zilirudi ukutani kabla hajafika mlangoni.

Haron alitaka waondoke Jumamosi. Osoro akasema siku ya Sabato mtu hasafiri, na marehemu alikuwa Msabato, angekasirika. Walibishana hadi chai ikaisha na Esnah akapika nyingine. Mwishowe waliondoka Jumapili alfajiri: Haron akiendesha, Obwocha kando yake, na nyuma, chini ya turubai, Esnah, Osoro, wanawake wa kwaya na shada kubwa la maua ambalo Maureen alilinunua Kisii na ambalo mtu ilibidi alishike njia nzima lisipondeke. Aliyelishika ni Esnah. Walipita Kisii mji ukiwa bado unafagiliwa, wakateremka kupitia Rongo na Migori, wakafika mpakani Isebania. Pale afisa aliwauliza wanaenda kufanya nini, Haron akajibu kwa kilio. Waligongewa mihuri wakapita.

Joto lilianza. Vilima vilibaki nyuma, miti ikapungua, barabara ikanyooka. Esnah alitoa kichwa chini ya turubai na kuona nchi tambarare, ng'ombe wengi, na anga kubwa kupita anga yoyote aliyowahi kuiona Nyamira. Aliwaza jinsi Ruth alivyoishi hapa miaka yote ile bila kilima cha kuegemeza macho. Akajikuta anamwombea, na katikati ya maombi akakumbuka vile vinywaji, hasira ikampanda upya.

Bunda waliuliza njia kwa jina la Mzee Marwa. Kijana mmoja kwenye pikipiki aliwaongoza. "Mmekuja kwenye shughuli?" aliuliza akitabasamu. "Mmechelewa kidogo, lakini chakula bado kipo."

Esnah aligonga kioo cha nyuma cha pikapu. "Baba Maureen, umemwona huyo anavyocheka?" Lakini Haron alikuwa ameshaona lango na umati, akasimamisha gari katikati ya barabara, akaruka nje.

Alikimbia kama inavyofaa mtu wa Gusii kukimbilia kwenye msiba, mikono hewani, akiliita jina la dada yake. "Ruth! Ruth Nyakerario! Umetuachia nani?" Wanawake wa kwaya walishuka wakaanza wimbo wa maziko. Osoro alifungua Biblia. Obwocha alitembea nyuma yao polepole, na Esnah nyuma ya wote, na shada.

Muziki ulikatika ghafla. Esnah aliona hema lenye mapambo ya bluu na meupe, viti vimevalishwa vitambaa, na meza ndefu yenye keki. Watu wapatao kijiji kizima walikuwa wamegeuka kuwatazama. Kisha kutoka meza ya mbele akainuka mwanamke mnene wa kitenge kinachong'aa, na taji la maua shingoni, miwani puani. Aliwatazama mmoja mmoja. Aliposema, alisema kwa Ekegusii, Ekegusii cha zamani, chenye madoido ambayo hata Ekerenyo siku hizi hayasikiki.

"Jamani, nani amekufa?"

Haron alisimama mdomo wazi. Obwocha alikaa chini pale pale, kwenye vumbi, na suti yake nyeusi.

Kisha Ruth alimtambua mdogo wake, akaja akikimbia na maua yakidunda kifuani, akapiga magoti, akamshika uso kwa mikono miwili. Obwocha alimgusa mashavu, akamgusa mabega, kama anayepima ndizi sokoni. Esnah alitegemea atalia kwa furaha. Badala yake alikasirika.

"Umetangaza redioni kwamba unaagwa!"

"Ndiyo, naagwa! Si hawa hapa wananiaga? Nimestaafu, narudi nyumbani. Ulitaka niseme vipi?"

"Ungesema unarudi!"

"Nilisema! Tangazo lote lilisema hivyo. Ndugu Obwocha afike amchukue dada yake, anarudi kwao. Hukusikia?"

"Hiyo haikufika. Kulikuwa na Mwarabu."

"Mwarabu gani?"

"Wa redioni!"

Ruth alimgeukia Esnah kama anayeomba msaada. Akaliona shada mikononi mwake, akausoma utepe wake polepole, jina lake mwenyewe na maneno ya kumtakia pumziko la amani.

"Wifi," alisema, "hili limeandikwa vizuri sana."

Hapo Esnah alicheka. Alicheka hadi akalazimika kulikabidhi shada kwa mtu mwingine. Watu wa Bunda, walipoelezwa, walicheka pia, na wengine walicheka wakijifuta machozi. Ni Obwocha peke yake aliyebaki na uso uleule.

"Nilisikia marehemu," alisema. "Hilo nililisikia wazi kabisa. Nani marehemu?"

Kicheko kilipungua. Ruth alivua miwani.

"Familia ya marehemu Mzee Marwa. Ndivyo tangazo lilivyoanza. Marwa alifariki, Obwocha. Mwaka juzi, kifua. Nilikutafuta kila njia. Ndiyo maana mara hii nikasema nitangaze AM, nitangaze jioni. Nilijua mtu mmoja duniani ambaye atakuwa amekaa gizani anaisikiliza."

Marwa alikuwa shemeji aliyekuja Ekerenyo kila Desemba miaka ile ya zamani, na gunia la samaki wakavu begani, akacheza na watoto wote wa boma bila kuelewa neno wanalosema. Obwocha aliinamisha kichwa. Haron, aliyekuwa amejificha nyuma ya pikapu kwa aibu, alianza kulia tena, mara hii bila sauti. Wanawake wa kwaya walitazamana, kisha mmoja akaanza upya ule wimbo wao wa maziko, taratibu, na watu wa Bunda wakauitikia kwa Kiswahili, maana waliujua. Hakuna aliyeona ajabu. Shada lilipelekwa nyuma ya nyumba, kwenye kaburi la Marwa, na Esnah aling'oa utepe kabla ya kuliweka.

Baadaye sherehe iliendelea, kwa sababu chakula kilikuwa kimepikwa. Mshereheshaji alimwomba Osoro aseme neno kwa niaba ya wageni. Osoro hakuwa na hotuba nyingine ila ile aliyoiandaa. Alianza, "Dada yetu mpendwa, ambaye alikuwa," akasita, akasema, "ambaye yupo," na kutoka hapo akaendelea vizuri tu. Karibu yote aliyokuwa amepanga kumsifia nayo marehemu yalifaa pia kwa mtu aliye hai.

Kesho yake pikapu ilirudi Nyamira imebeba kitanda cha mninga, kabati, mitungi na kuku. Wanawake wa kwaya walirudi kwa basi, wakinung'unika.

Esnah alidhani kero imekwisha. Kumbe ndiyo ilikuwa inabadilisha nguo. Kitanda kile hakikuingia chumba chochote ila cha Maureen, na kilipoingia mlango haukufunguka zaidi ya nusu. Ruth alikaa na Obwocha mbele ya redio kila jioni, wakisikiliza mvua ya Shinyanga, na sasa walikuwa wawili wa kumwambia Esnah shh. Na mazungumzo! Ruth aliita ndengu choroko, na dania akaita giligilani. Alipotuma mtu giligilani, mtu alirudi akiuliza ni dawa ya nini. Watoto wa jirani walipompita bila kumwamkia shikamoo, alinuna hadi jioni, na watoto hawakujua wamekosa nini. Ekegusii chake kilikuwa kimeganda katika mwaka alioolewa, kisha kikaingiwa na Kikuria. Wazee walimsikiliza wakitabasamu, vijana walicheka tu. Kila mahali Esnah alisimama katikati, anatafsiri Kiswahili kwenda Kiswahili na Ekegusii kwenda Ekegusii, hadi usiku anaota amepotelewa na neno.

Siku moja ya soko walikwenda pamoja Ekerenyo. Esnah alibaki nje akichagua nyanya, Ruth akaingia dukani kwa Onyiego kununua unga. Baada ya muda mfupi Esnah alisikia sauti zinapanda.

"Nimesema naomba unga," Ruth alikuwa akisema.

"Nimesikia, mama. Na mimi nasema hapa hatusaidii watu. Jaribu kanisani."

"Kanisani? Kanisani wanauza unga?"

"Hawauzi. Ndiyo maana nakwambia uende ukaombe huko."

Esnah aliacha nyanya akaingia. Ruth alikuwa amesimama wima mbele ya kaunta, mkoba umebanwa kifuani, macho yamejaa maji. Watu waliokuwa kwenye foleni walimtazama kwa huruma, na mama mmoja alikuwa tayari anafungua kibeti chake.

"Onyiego, huyu ni dada yake Obwocha," Esnah alisema. "Anataka kununua. Kwao mtu akinunua anasema naomba. Ni heshima."

Onyiego alikuna shingo. "Si angesema nipe?"

"Nipe?" Ruth aligeuka. "Kama ninaamrisha mbwa? Nimezalisha nusu ya Bunda, hakuna mtu aliyewahi kuniambia nipe!"

Onyiego alipima unga haraka, akafunga, akaongeza chumvi juu bila kuulizwa. Ruth aliikataa chumvi. Walitoka.

Walitembea kupita kituo cha majani chai, kupita kwa fundi wa baiskeli. Mvua ilikuwa inakusanyika juu ya vilima. Kwenye mteremko Ruth alisimama.

"Nitarudi Bunda, wifi. Nilikosea. Nilidhani narudi kwetu, na kwetu hakuna anayenielewa. Wameniona ombaomba."

Esnah alikuwa amechoka. Alikuwa na nyanya mkono mmoja na unga mkono wa pili, viatu vimejaa tope, na mgongo ulikuwa ukimuuma tangu Jumanne ile ya tangazo. Alitafuta neno la upole lisionekane.

"Urudi na nani?" alisema. "Unadhani Haron atawasha pikapu tena? Hicho kitanda chako kiliingia kwa watu wanane, na mimi sitaki kukiona kikitoka. Nimepika chai ya matanga yako wiki nzima, dada. Nimeshika shada lako kutoka Ekerenyo hadi Bunda na mikono yangu hii. Sasa uniambie unaenda? Huendi popote. Utakaa hapa, utajifunza kusema nipe, na Onyiego atajifunza kujibu naomba, na ikichukua miaka, basi ichukue."

Matone ya kwanza yalianza kuanguka, mazito, yakigonga mfuko wa unga.

"Leta huo unga, utalowa," Ruth alisema, akauweka chini ya kitenge chake, wakaanza kupanda kilima.